Daftari Lenye Vichwa Viwili

Mbele ya daftari niliandika magunia:
kumi na manne, Jumanne, fuso ya Chibago,
deni la Nhonya bado, ushuru tumeupita usiku.
Nyuma, nikiligeuza kichwa chini,
naandika komba.

Daftari ni hilo hilo moja. Nililinunua Kibakwe
kwa pesa ya mkaa,
mwaka ule mahindi yalipoota ndevu bila meno.
Msinihukumu upesi.
Dodoma ilikuwa ikipanda ghorofa juu ya ghorofa,
kila ghorofa na jiko lake, kila jiko na kinywa chake,
na sisi wa huku Rubeho ndio tulikuwa walishaji.

Siku moja niliangusha mti wenye tundu ubavuni.
Ulipolala, tundu likafumbua macho:
mawili, makubwa kuliko uso ulioyabeba.
Hakukimbia.
Alirudi ndani ya lile vumbi, akatoka na mwanawe mdomoni,
kama mtu ashikavyo ufunguo kwa meno
mikono ikiwa imejaa mizigo.
Akamweka kwenye tawi la jirani. Akarudi.
Nikasubiri. Wa pili hakutoka.
Mama alirudi mara tatu, nami nikahesabu.
Hesabu hiyo ndiyo ya kwanza, na daftarini haimo.

Watu husema, amelewa kama komba.
Mimi nimekesha msituni usiku mia na ushei,
kurunzi nimeifunga karatasi nyekundu ya peremende,
na mlevi sijamwona.
Nimemwona akijikojolea viganja ili asiteleze,
akikunja masikio kama barua isiyotakiwa kusomwa na jirani,
akilamba utomvu mahali panga langu lilipopita zamani.
Mlevi ninayemjua alibeba shoka,
na jina lake limo katika kadi yangu ya kura.

Hata neno lenyewe linatuumbua.
Kukomba ni kupitisha kidole chunguni
mpaka ukoko wa mwisho.
Komba hakukomba kitu.
Sisi ndio tuliokomba,
tukakigeuza chungu,
tukagonga kitako chake tusikie kama kuna kilichobaki.

Sechelela alinicheka.
"Wanakulipa kuhesabu kisicholiwa?"
Wananilipa kidogo. Wakati mwingine hawalipi.
Usiku mmoja akanifuata, kajitanda khanga mbili,
baridi ya juu kule haina adabu.
Tukakaa. Sauti ikaja kutoka bondeni,
nyembamba, ya kupanda, kama bawaba ya mlango mdogo.
Nikaandika: *moja.*
Akanishika mkono.
"Anaita," akasema. "Hajibiwi. Hilo huliandiki?"
Safu yake haikuwepo.
Nikaandika pembeni, nje ya mstari:
*moja, haijajibiwa.*

Tuliporudi tulipika uji kwa mkaa.
Sisemi uongo. Mtungi wa gesi upo,
umevikwa kitambaa cha maua kama bibi harusi,
lakini kujaza ni mpaka mjini, na mjini ni nauli.

Sasa magunia yamekoma ukurasa wa arobaini na moja.
Komba wanakuja kutoka upande wa pili, polepole,
wawili, wanne, mvua, hakuna, watatu.
Katikati kuna kurasa nyeupe.
Mwanangu anazitaka za hesabu za shule.

Juzi alikuja Mbeleje kuomba karatasi ya kuwashia moto.
Nikasema, chukua za mbele, zile za magunia,
ziungue, zimestahili.
Akachana moja.
Nyuma, ukurasa wa komba ukalegea, ukaning'inia:
karatasi ilikuwa moja tu, imekunjwa katikati,
na mimi miaka yote hiyo sikuwa nimeangalia mshono.

Nilimwambia basi, aende na maganda ya mahindi.
Nimeushona ukurasa pale pale.
Uzi niliokuwa nao ndani
ni ule wa kufungia magunia.